Shimo Lisilo na Jiwe

Nilizaliwa Bagamoyo. Si ile ya Pwani, ni ya kwetu Tukuyu, yenye mvua, maduka ya vitenge na mafundi cherehani, baba yangu akiwa mmojawapo. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka kuulizwa kama najua kuogelea. Sijui kuogelea. Ninachojua ni mawe. Nimesomea miamba, na kazi yangu ni ya mikataba: miezi minne Chunya kwa watu wa dhahabu, miezi miwili nyumbani nikisubiri simu, halafu tena Chunya. Na nyumbani, tangu niolewe, ni Matwebe, kwa wakwe zangu. Nyumba yetu na yao zinatazamana, katikati kuna migomba.

Migomba hiyo ilikuwa na kazi kubwa kuliko kuzaa ndizi. Ilinificha nisionane na baba mkwe.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hasemi naye, hali naye, jina lake halitaji. Wakikutana njiani, mwanamke anachepuka kwenye majani, anachuchumaa na kujifunika khanga, na mzee anapita akitazama upande mwingine kama mtu anayekagua mawingu. Siku hizi wengi wameacha. Nilipokuwa mjini nikisikia habari hizi kwa bibi yangu mzaa mama, nilidhani ni za enzi zake. Mume wangu, wakati wa uchumba, alinihakikishia kwamba baba yake ameshalegeza. Uongo mtupu. Mzee yule alikuwa hajalegeza hata kifungo cha shati.

Basi kwa miaka kumi na moja nilimjua baba mkwe kwa mgongo. Koti la kijivu, kofia ya sufu, buti za mvua, fimbo. Mgongo ule ningeutambua sokoni Tukuyu siku ya gulio watu wakiwa wamejaa. Uso wake niliuona kwenye picha tu, naye uso wangu sijui kama aliwahi kuuona, maana siku ya harusi nilikuwa na shela, na yeye alikaa benchi la nyuma kabisa kanisani akitazama dirisha. Akikaribia kona ya njia alikohoa mara mbili ili nipate nafasi ya kujificha. Nikiwa na ndoo kichwani nilimlaani kimyakimya, kwa sababu kuchuchumaa na ndoo ya maji si mchezo.

Lakini hakunichukia, msije mkadhani. Ng'ombe akizaa, maziwa ya kwanza kunyweka yalikuja kwangu. Mkungu mkubwa wa ndizi, kwangu. Na tuliongea, tena sana, ila kwa kupitia mama mkwe. Jioni mzee alikaa kwenye benchi nje ya jiko, mimi ndani karibu na moto, kati yetu ukuta wa mianzi ambao hata kuku alikuwa akichungulia kupitia nyufa zake. Mama mkwe alikaa mlangoni akimenya ndizi. Mzee alisema, "Mwambie mkamwana mvua imechelewa." Mimi nimesikia, jirani amesikia, hata mbuzi wamesikia. Hata hivyo nilisubiri mama mkwe ageuke aniambie, "Anasema mvua imechelewa," ndipo nijibu. Kusikia si kuambiwa. Tatizo la mama mkwe ni kwamba alikuwa mkalimani mvivu. Mimi naweza kueleza jambo kwa dakika tano, kwa mifano na kwa mikono, kisha yeye akageukia nje na kusema, "Anasema hapana."

Sasa, nyuma ya nyumba yao kuna shimo. Nikisema shimo msifikirie la choo. Ni bonde la mviringo, kama vile mtu amebonyeza bakuli kwenye ugali wa moto. Ukisimama ukingo huu ukamwita mtu wa ukingo ule, anakusikia vizuri. Chini kuna majani marefu, mabichi hata Septemba, wakati ng'ombe wa watu wengine wanatafuna makapi ya mahindi. Katikati pamedidimia zaidi, kitovu hivi, na upande mmoja wa kitovu hicho una kilima kidogo cha udongo unachoweza kusimama juu yake ukatazama chini. Wilaya yetu ya Rungwe ina mashimo mengi ya jinsi hii. Mengine yana maji na watu huja kuyapiga picha, kama Masoko na Ngosi. La kwetu ni kavu na halipigwi picha na mtu.

Mzee alikuwa na nadharia yake kuhusu shimo hilo, na aliishikilia tangu ujana. Sote huku tumepelekwa Mbozi na shule kuangalia kimondo, lile bonge la chuma lililotoka angani, na sote tumeambiwa kwamba chini yake halikukutwa shimo. Mzee alilitafakari jambo hilo akapata jibu. "Mwambie mkamwana," alisema jioni moja katika mwaka wangu wa kwanza pale, "Mbozi wana jiwe, hawana shimo. Sisi tuna shimo, hatuna jiwe. Yeye aliyesoma, haoni?" Kwa maelezo yake, kimondo kilianguka kwanza kwetu, kikachimba, kikadunda, kikaruka mpaka Mbozi, na kule kikatua taratibu kwa sababu kilikuwa kimechoka.

Nilicheka ndani ya khanga mpaka nikapaliwa na moshi. Halafu nikaacha kucheka, maana niligundua kwamba mzee amefanya kazi ambayo wasomi hulipwa kuifanya: ameona vitu viwili ambavyo kila kimoja kimepungukiwa, akaviunganisha. Amekosea, lakini amekosea kwa akili. Nami nilikuwa bibi harusi mpya, nataka kupendwa. Nikamwambia mama mkwe, "Mwambie inawezekana."

"Anasema inawezekana."

Nikamsikia mzee nje akicheka peke yake, kicheko kirefu cha mtu aliyesubiri miaka. Kumbe wazee wenzake walikuwa wamemtania kwa nadharia hiyo tangu hajaoa. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilishajua kwamba mtaalamu wa miamba amethibitisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, nami ule ufa sikuuziba.

Miaka michache baadaye nilipelekwa Afrika Kusini kwa mafunzo ya wiki mbili, mahali panapoitwa Vredefort, ambako kimondo kikubwa kilianguka zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Nilishuka kwenye gari nikiwa na kamera tayari. Siku ya kwanza ikapita, tukapanda vilima, tukagonga mawe, tukala mikate. Siku ya pili nikamuuliza mwalimu shimo lenyewe tutaliona lini. Akanijibu kwamba nimesimama ndani yake tangu jana.

Ndivyo lilivyo shimo la kimondo likizeeka. Halina shimo. Mvua na mito vimekula ukingo, vimekula mawe yote yaliyorushwa, vikaendelea kula kwenda chini mpaka vikafika kwenye shina la lile pigo. Kilichobaki ni vilima vilivyojipanga kwa duara kubwa, kubwa kiasi kwamba mwenyeji anaweza kuishi na kuzeeka pale asijue kwamba anaishi kwenye duara. Ushahidi umo ndani ya mawe yenyewe. Jiwe lililopigwa na kimondo hubaki na mistari iliyotawanyika kutoka ncha moja, mfano wa ufagio uliosimamishwa mpini wake ukiwa juu. Ukiiona mara moja huisahau. Na ukisimama pale, kwenye nyasi za kawaida, kati ya mashamba ya kawaida, unaelewa kwamba uzuri wa shimo si ushahidi. Duara safi, lenye ukingo mzuri kama la kwetu, ni la juzi tu, na kwa nchi kama Rungwe, ambako ukichimba msingi wa choo unakutana na majivu ya volkano na yale mawe mepesi yanayoelea majini, la juzi maana yake ni moto wa chini. Moto ulipanda, ukakutana na maji ya ardhini, ukalipuka. Hakuna aliyerusha kitu kutoka juu.

Nilirudi nimejaa habari hizo, nikazimwaga jikoni jioni ya kwanza. Nilitegemea mzee ataelewa mwenyewe bila mimi kumwambia. Badala yake aliuliza, "Muulize hayo mawe yenye mistari yana ukubwa gani." Nikasema mengine kama ngumi, mengine kama meza. Akashukuru. "Ndaga fijo," akasema, na alipotaka kukushukuru hasa alirudi kwenye Kinyakyusa chake. Jumatatu asubuhi nikakuta beseni la mawe mlangoni kwangu. Mzee alikuwa ameanza kutafuta. Kila Jumatatu nilipokuwa nyumbani kulikuwa na beseni, na kila Jumatatu niliyachambua yote, meusi ya volkano, yaliyotoboka, yenye vipande vya miamba mingine ndani yake, hakuna hata moja lenye ufagio. Na kila Jumatatu nilimpa mama mkwe jibu lilelile: "Mwambie bado."

Nilipaswa kusema hapana. Mdomo wangu huu unaojulikana kote Bagamoyo kwa kutokuwa na breki, kwa mzee yule ulikuwa na breki za treni.

Mwaka jana, Julai, mkataba wa Chunya uliisha mapema nikarudi Matwebe katika baridi ile ya kwetu, ukungu mpaka saa nne, upepo unaoingia mpaka kwenye soksi. Jioni mama mkwe akanipa habari: mzee ameamua kujenga banda la ng'ombe kule chini shimoni, pale kitovuni, ambako upepo haufiki. Ng'ombe wawili na ndama. Naye mwenyewe atalala hukohuko, kwa sababu mtu na ng'ombe wake hawatengani, na kiuno chake hakitaki tena kupanda na kushuka kila siku. Ameshakata mianzi. Ameshachimbia nguzo nne fupi zenye panda, za kubebea kitanda chake.

Kesho yake nilishuka kwenda kuangalia. Nguzo nne zilikuwepo, zimesimama vizuri, mzee ni fundi. Karibu nazo, kwenye majani, nikaona njiwa wawili wamekufa. Hatua chache mbele, panya buku. Hawana jeraha, hawana damu, wamelala tu kama waliochoka. Nilipoinama kuwatazama vizuri nikahisi puani mchomo ule wa kucheua soda. Nikainuka haraka kuliko nilivyowahi kuinuka maishani. Nikawasha kiberiti, nikanyoosha mkono chini kidogo, kikazima bila upepo wowote. Nikapanda juu mbio.

Rungwe nzima inajua kuna gesi ardhini. Huchimbwa na kuuzwa, ndiyo hiyo inayotiwa kwenye soda. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, na asubuhi tulivu zisizo na jua hulala mabondeni kama maji yasiyoonekana. Ng'ombe akisimama kichwa kiko juu. Ndama akilala, haamki. Mtu akilala kitandani, kwenye nguzo nne fupi, haamki.

Jioni hiyo sikusubiri tumalize kwanza habari za mvua. Nikasema kila kitu, kwa sauti ya kupasua mianzi ya ukuta ule. Njiwa, panya, kiberiti, gesi. Mama mkwe akaacha kisu. Safari hii alitafsiri kila neno, na sauti yake haikuwa ya uvivu.

Mzee akajibu kwa upole uliotaka kuniua. "Mwambie njiwa wanakufa kwa dawa za mashamba ya chai. Kiberiti cha siku hizi hata juani kinazima. Na gesi ni ya mashimo ya moto. Hili la kwetu si la moto. Hili lilichimbwa siku moja na mchimbaji akaondoka, ni shimo lililokwisha. Hata yeye mwenyewe alisema."

Hata yeye mwenyewe alisema. Nikahisi uso unawaka, na haukuwa moto wa jikoni. Nikamwambia mama mkwe amwambie kwamba nilikosea, tena nilidanganya, kwamba nilijua tangu siku ile. Shimo la kimondo ni kovu, lakini hili ni pua, linapumua. Mama mkwe akafikisha. Nje fimbo ikagonga ardhi mara moja.

"Mwambie," mzee akasema taratibu, "aliposema ndiyo, alikuwa ametulia. Leo anasema hapana akiwa na hofu. Mimi namwamini yule aliyetulia."

Mume wangu, ambaye hufanya kazi ya zamu kiwanda cha chai na hapendi ugomvi hata wa kuku, aliahidi kuongea naye. Aliongea. Alirudi ameshawishika nusu kwamba kimondo kinaweza kudunda. Nilimtupia mto. Nikapiga simu kuomba kipimo cha gesi kwa watu niliofanya nao kazi, wakaniambia kitakuja wiki ijayo, na wiki ijayo ya ofisi mnaijua.

Ikaja Jumamosi. Mume yuko zamu, mama mkwe ameondoka alfajiri kwenda sokoni Tukuyu na ndizi zake. Asubuhi nyeupe kwa ukungu, hakuna jani linalotikisika. Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba nikasikia kikohozi cha mzee kikishuka, kikawa mbali, kikawa chini. Nikaacha nguo, nikakimbilia ukingoni.

Ukungu ulikuwa umekatika vipandevipande. Nikaona mgongo wa kijivu ukishuka njia ya upande wetu. Mbele yake, kule kitovuni, kando ya nguzo nne, ndama alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Alikuwa ametoroka zizini. Mzee anakwenda kumwinua ndama wake. Na ili kumwinua ndama, ni lazima mtu ainame.

Nikapiga kelele. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nikamwita mwenyewe, moja kwa moja: "Baba! Usiende! Rudi juu, baba!"

Naye, Mungu amsamehe, akafanya kile ambacho mzee yeyote mwenye heshima zake angefanya akisikia sauti ya mkamwana nyuma yake. Akavuta kola ya koti usoni, akaongeza mwendo kunikimbia. Njia ina pande mbili tu, juu nilipo mimi, na chini. Akakimbilia chini.

Nikaita tena, akazidi kushuka. Kila nilivyopaza sauti nilikuwa namsukuma kwa mikono yangu mwenyewe. Nikanyamaza. Nikasimama pale nimeshika kichwa, nalia kwa hasira zaidi ya woga, hasira kwangu, kwake, kwa bibi yangu na bibi zake wote waliobuni jambo hili. Na hasira, kama nisemavyo siku zote, hunipa akili. Nikaona kwamba kama mzee ananikimbia, basi anakwenda popote ambapo mimi sipo. Kwa hiyo inabidi niwe chini.

Kuna njia ya pili, upande wa pili, inayoshuka kupitia chemchemi. Nikazunguka ukingo mbio, khanga imeanguka sijui wapi, nikateleza kwenye tope la chemchemi, nikafika chini upande wa kitovu kabla yake, kwa sababu yeye ana fimbo na kiuno kibovu na mimi nina ujana wa kutosha kukimbia na upumbavu wa kutosha kuthubutu. Nikajinyoosha, kidevu juu, pumzi nimeibana. Mchomo wa soda ulikuwa puani. Mzee alikuwa hatua kumi kutoka kwa ndama, kichwa chini, koti usoni. Nikapiga makofi.

Akainua macho kidogo. Akaona miguu ya mkamwana wake mbele yake, si nyuma tena, haijafunikwa hata na khanga. Sijawahi kumwona mtu akigeuka vile. Fimbo ikachomoka, buti moja ikabaki kwenye majani, na yule mzee aliyesema kiuno hakitaki kupanda akapanda. Nami nyuma yake, nikimswaga kama ng'ombe aliyeingia kwenye shamba la mtu, kila akipunguza mwendo napiga makofi, kila akitaka kuchepuka pembeni najitokeza pembeni. Alikuwa anasema kitu kwa Kinyakyusa, na jina la Kyala, yaani Mungu, lilitajwa mara nyingi, sidhani kwa sala. Nilimfukuza baba mkwe wangu mpaka juu ya ukingo, mpaka kwenye migomba, mpaka kwenye benchi lake. Huko nikakaa chini nyuma ya mgomba nikatapika.

Ndama hakuamka. Mume wangu aliporudi, jua likiwa limetoka na upepo umeanza kuvuma, alimtoa kwa kamba ndefu.

Mama mkwe alirudi sokoni akakuta habari zimeshafika kabla yake, maana jirani wa ng'ambo alikuwa ameona kila kitu. "Mwe!" akaniambia, mikono kiunoni. "Umemkimbiza mume wangu?" Halafu akaingia jikoni, akafunga mlango, na nikamsikia akilia, na katikati ya kulia akicheka, na katikati ya kucheka akilia. Mzee hakutoka ndani siku hiyo. Jioni benchi lilikuwa tupu. Nilikula nikijua kwamba nimemwokoa na nimemvua nguo mbele ya watu, yote mawili kwa siku moja. Na bado hajaniamini. Ndama hufa, angesema. Kesho kutwa angerudi kwenye nguzo zake.

Asubuhi ya pili, ukungu uleule, utulivu uleule, mama mkwe akaja kunigongea. "Anasema uje na mshumaa."

Tukashuka watatu kwa mstari, mzee mbele, mama mkwe katikati, mimi nyuma. Nikamwambia mama mkwe tusifike chini, tusimame juu ya kile kilima kidogo cha udongo, na hapo tukasimama. Mzee alikuwa amebeba mwanzi mrefu, mmoja wa ile aliyokata kwa ajili ya banda. Akaufunga mshumaa nchani kwa uzi wa mgomba, akauwasha mwenyewe kwa kiberiti chake, si changu. Akaunyoosha juu ya kitovu, akauteremsha taratibu kuelekea zile nguzo nne.

Mwali ulishuka ukiwa umesimama wima. Ukafika kimo cha kifua cha mtu, ukapungua. Ukafika kimo cha kiuno, ukazimika. Chini yake, mkono mzima chini yake, zilikuwa panda za kitanda.

Mzee akauvuta, akauwasha tena. Ukazimika palepale. Akauwasha mara ya tatu, na safari hii aliuteremsha polepole mno, kama mtu anayemlaza mtoto. Ukazimika.

"Mama, mwambie," nikaanza, "mwambie mshumaa nao huchelewa, mtu anazidiwa kabla ya..."

"Nimesikia," mzee akasema.

Mama mkwe akanitazama. Hakuna aliyemwambia. Alisikia, akakubali kwamba amesikia. Alikuwa bado ameshika ule mwanzi, mgongo wake wa kijivu umenielekea, akizitazama nguzo alizozichonga kwa siku mbili ili azilalie. Alizitazama kwa muda mrefu. Nikaona mabega yanapanda na kushuka, na sikuwa na la kufanya, kwa kuwa mgongo haufutwi machozi.

Kisha akaulaza mwanzi chini, akakohoa mara mbili. Kwa mazoea nikaanza kuchuchumaa.

"Simama," akasema, akageuka.

Akanitazama usoni. Macho yake yana ukungu wa uzee, yamekaa ndani sana, na yalipita usoni mwangu bila haraka, kwenye paji, kwenye pua, kwenye mdomo niliokuwa nimeuacha wazi kama samaki.

"Miaka kumi na moja nakula chakula chako," akasema. "Kumbe una mwanya."

Nikacheka huku nalia, mdomo wote wazi, ili auone vizuri.